Ganzi ya vidole: Onyo kwa wanaofuma na kushona

Kufuma sweta au kushona gauni kwa kufuata pateni za zamani ni kazi yenye raha. Humpa mtu utulivu baada ya shughuli za kutwa, na humpa vazi ambalo hataliona kwa jirani. Lakini, msomaji, je, umewahi kuamka usiku wa manane vidole vikiwa na ganzi na kuchomachoma, ukalazimika kuukung'uta mkono ndipo upate nafuu?

Wengi hudhani hiyo ni baridi au uchovu, wakajipaka dawa ya kuchua na kumeza vidonge vya maumivu. Mara nyingi kiini chake ni neva iliyobanwa.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, mna njia nyembamba. Chini yake ni mifupa na juu yake ni mkanda mgumu. Ndani hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na neva moja. Neva hiyo huleta hisia katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nafasi ikipungua, neva hubanwa. Madaktari huuita ugonjwa huu kapali taneli. Kidole kidogo cha mwisho kwa kawaida hakiguswi, na hiyo ni dalili muhimu ya kuutambua.

Pateni za kale zina uzito wake. Nyingi za miaka ya 1930 na 1940 zilitungwa kwa uzi mwembamba na sindano nyembamba. Sweta moja huwa na vitanzi vingi kuliko ile ya uzi mnene, na kwa kila kitanzi vidole hubana na kifundo hukunjwa. Mikasi butu nayo humfanya mshonaji akaze mkono bila sababu.

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Waja wazito, wenye kisukari, wenye baridi yabisi ya viungo na wale ambao tezi ya shingo haifanyi kazi ipasavyo wamo hatarini zaidi. Kwa mja mzito, hali hii mara nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Ufanye nini?

Kwanza, usifume kwa saa nyingi mfululizo. Kila baada ya nusu saa hivi weka sindano chini, nyoosha vidole na uzungushe mabega. Kazi nzito ipumzishe juu ya mto mapajani. Shika sindano bila kuikaza, na kifundo kiwe kimenyooka. Noa mikasi.

Pili, kama umepita miaka 40 na maandishi ya pateni yanakusumbua, kapimwe macho. Pigisha fotokopi iliyokuzwa, uketi penye mwanga wa kutosha, ili usiinamishe shingo.

Tatu, ganzi ikianza, vaa gango la kifundo unapolala, mkono ukiwa umenyooka, kwa muda wa wiki sita hivi. Wengi wenye ugonjwa mwepesi hupata nafuu.

Mwone daktari iwapo ganzi haiondoki hata mchana, vikombe vinakuponyoka, au nyama iliyo chini ya kidole gumba inanywea. Hapo neva inaanza kuharibika, na ukichelewa huenda nguvu za gumba zisirudi zote. Daktari aweza kukupima kisukari na tezi, kukudunga sindano ya kupunguza uvimbe, au kukupeleka kwa mpasuaji akate ule mkanda ili neva ipate nafasi. Upasuaji huo ni mdogo, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Si lazima uache kufuma. Sweta inaweza kungoja wiki sita, lakini neva iliyobanwa isingojeshwe.