Bugizi na tembe ya usingizi ni ukoo mmoja

Sisi watu wa Pwani tukisikia bugizi, fikira huenda moja kwa moja vijiweni. Lakini Rohypnol, ambayo vijana waliibandika jina hilo, ilitengenezwa na kampuni ya Roche ya Uswisi kwa ajili ya watu wasiopata usingizi. Ina ndugu wengi, na anayejulikana zaidi ni diazepamu, yaani Valium, ambayo huenda iko kabatini kwa mama yako.

Huyo Valium nilikutana naye mwaka huu nchi ya chai, huko Kericho, kwa shemeji yangu. Kule na Bomet, majani yanayochumwa mchana hayangoji asubuhi. Viwanda hunguruma usiku kucha. Shemeji hufanya zamu hiyo, akirudi jua limeshatoka na usingizi hauji. Aliandikiwa tembe za wiki mbili. Nilimkuta mwezi wa tano, anajinunulia mwenyewe bila karatasi ya daktari, jambo ambalo sheria hairuhusu.

Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, iitwayo GABA. Tembe hizi huiongezea nguvu, mtu akalegea akalala. Shida ni kwamba ubongo huzoea. Baada ya wiki chache tembe moja haitoshi, na ukiacha ghafla unakesha kuliko mwanzo, unatetemeka, hata kifafa chaweza kukushika. Kwa hiyo kuacha ni kwa kupunguziwa na daktari, kidogo kidogo.

Lililonitisha zaidi ni mashine. Diazepamu haina haraka ya kutoka mwilini. Yaweza kupita siku nzima, hata mbili, kabla haijapungua nusu. Anayeimeza asubuhi anaingia zamu ya jioni ikiwa bado damuni, na mbele yake kuna vyuma vya kukatakata majani. Na huyu shemeji, wallahi, alfajiri hunywa strungi vikombe vitatu asisinzie, kisha anashangaa usingizi umekwenda wapi!

Pombe au unga juu ya tembe hizi hupunguza pumzi mpaka zikakatika. Usimgawie jirani zako hata moja. Na kama mzee wako anazitumia, muwashie taa ya njia ya chooni usiku, maana huamka na kizunguzungu, na nyonga ya mzee ikivunjika kuunga ni kazi.