Hatua moja pembeni

Tukizungumzia kumtii Mungu katika jambo zito, wengi wetu hukumbuka upesi habari za Ibrahimu na mwanawe mlimani. Ni habari kubwa, lakini huweza kutufanya tudhani kwamba siku Mungu akitaka jambo gumu kwetu, atatuita kwa jina. Leo nawapelekeni mahali ambapo hapakusikika sauti yoyote kutoka juu.

Ni Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi, kusini mwa Burundi. Nchi hiyo ilikuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, na shule nyingi ziligeuka mahali pa vijana kuwindana. Katika seminari ndogo ya Buta, vijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliendelea kulala bweni moja. Haikuwa rahisi. Wengine walitoka likizo wakiwa wamezika ndugu. Mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, aliwaacha waseme waziwazi hofu na chuki walizokuja nazo, kisha wakasali pamoja na kucheza pamoja. Kazi hiyo ilichukua miaka, si siku.

Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliivamia seminari. Wakaingia bwenini, wakawaamuru vijana wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa 40.

Tusipite hapo haraka. Waasi walikuwa Wahutu. Kijana wa Kitutsi hakuwa na pa kukimbilia, lakini mwenzake wa Kihutu huenda angepona kwa kupiga hatua moja pembeni. Hakuambiwa amkane Mungu, wala hakupewa bunduki amwue mtu. Aliambiwa asogee tu. Ila kusogea kwake kungemwonyesha muuaji ni nani aliyebaki. Amri ya kumpenda jirani, ambayo alikuwa ameikariri tangu utotoni, asubuhi ile ilikuwa imegeuka kuwa suala la miguu yake.

Wapo watakaosema kwamba ulikuwa ujinga wa ujana, na kwamba Mungu hapendi watoto wafe. Mimi nami siamini kwamba Mungu aliwataka wafe. Waliotaka hivyo ni wenye bunduki. Na mzazi aliyelia kwamba heri mwanawe angesogea, sina neno la kumlaumu.

Kinachonisumbua ni mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha ukoo kilichojadili posa ya binti yetu mmoja. Kijana alikuwa mwadilifu, na kanisani tulimfahamu. Mzee mmoja akasema kabila lile haliingii katika nyumba hii. Wakubwa wakaguna kukubali. Nilijua lililokuwa haki, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefungua kikao kwa sala, walinitazama. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilichoogopa ni kuonekana mtovu wa heshima mbele ya mzee, basi. Nikainamisha kichwa, nikanywa soda yangu.

Yule kijana alioa kwingine. Binti nikikutana naye ananiamkia vizuri, "Shikamoo baba mdogo," nami naitikia, na kila mara mimi ndiye ninayeharakisha kuaga.