Fahamu: Kwa nini msitu wa Amani unawahitaji wanakijiji

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoko Usambara Mashariki mkoani Tanga, ilitangazwa mwaka 1997 ikiwa na takriban hekta 8,380. Maji ya Mto Zigi yanayotoka huko ndiyo yanayotumiwa na Jiji la Tanga. Mipaka na askari vinahitajika, lakini mlinzi wa kwanza wa msitu ni jirani yake, na jirani hulinda kile kinachomlisha. Ushahidi ni ufugaji wa vipepeo. Hadi mwaka 2016, mfugaji alijenga banda la chandarua, akapanda miti ambayo viwavi hula majani yake, kisha akauza pupa, yaani viwavi waliojifunga ndani ya ganda, wanaofanana na majani makavu, kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Kwake, mti uliosimama ulikuwa mtaji.

Wapo wanaosema wakulima hawaaminiki, kwa kuwa kilimo cha iliki chini ya kivuli cha miti kiliumiza msitu. Hoja hiyo ina ukweli: kufyeka miche ya chini hunyima miti mikubwa warithi. Lakini mkulima alifuata iliki kwa sababu ilikuwa na soko; akipata soko lisilohitaji panga, naye hubadilika. Udhaifu wa kweli, ule wa sera, ulionekana mwaka 2016, Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi na vipepeo wakakosa mnunuzi. Uhifadhi usioacha riziki mezani ni deni, na msitu ndio utakaolilipa. Sera zipimwe kwanza kwa kikapu cha jirani.