Nati imegoma? Usiongeze watu, ongeza urefu wa spana

Huku Haydom mvua zinakaribia na matrekta yameanza kutoka, kwa hiyo leo tuongelee nati za tairi.

Msimu uliopita nilimkuta kijana mmoja amekwama shambani. Tairi lina pancha, nati imegoma. Spana yake ilikuwa ya sentimita 30. Tukachomeka bomba, urefu ukafika sentimita 60, nati ikaachia. Mtu yuleyule, nguvu ileile.

Siri yake ni hii: nguvu ya kuzungusha ni nguvu unayoweka, mara umbali kutoka katikati ya nati hadi mkono wako. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 40, hiyo ni kama nyutoni 400. Kwa sentimita 30 unapata nyutoni-mita 120. Kwa sentimita 60 unapata 240. Spana iwe imelala, uikandamize kwenda chini moja kwa moja. Ukiisukuma kimshazari, nguvu nyingine inapotea bure.

Sasa hatari. Wakati wa kufunga, wengine wanaacha bomba palepale na kurukia juu. Bolti inavutika, kisha inakatika barabarani tela likiwa limejaa vitunguu. Iliyolegea nayo inachomoka.

Kitabu cha trekta lako kimeandika nati ikazwe nyutoni-mita ngapi. Fuata hicho. Kaza kwa kupishana, moja huku, inayofuata upande wa pili. Baada ya saa chache za kazi, kagua tena.

Kumbuka: bomba ni la kufungulia, si la kufungia.