Prosesa ya Kuchomoka

Msomaji ameuliza: ikiwa RAM ya kompyuta ya mpakato huchomolewa na kubadilishwa, prosesa ina nini hata ilehemewe moja kwa moja kwenye bodi? Si lazima. Kampuni ya MNT Research ya Berlin, Ujerumani, iliyoanzishwa na Lukas Hartmann, inauza mpakato uitwao Reform ambao prosesa yake hukaa kwenye kadi ndogo, na kadi hiyo huchomekwa katika soketi yenye umbo la soketi ya RAM. Kampuni ya Raspberry Pi ilifanya ujanja huo mwaka 2014 kwa kadi yake ya kwanza ya Compute Module.

Kioo na kibodi nitaviruka, hata betri zake 8 za LiFePO4 zinazobadilishwa moja moja. Utamu uko kwenye soketi.

Kupitia soketi hiyo, kadi huwasiliana na diski ya NVMe kwa nyaya za mawasiliano ziitwazo PCIe, kwa kasi ya, tuseme, biti bilioni 5 kwa sekunde katika kila njia. Ishara ndani ya bodi husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde, kwa hiyo biti moja ina urefu wa sentimita 3. Njia ya shaba ya sentimita 9 inabeba biti tatu zinazofuatana!

Biti hizo huponaje katikati ya kelele za umeme? Hupita kwenye nyaya mbili, nami nitaziita jozi kinzani: volteji ya mmoja ikipanda, ya mwenzake hushuka. Fikiria ngalawa mbili zikienda sambamba, kila moja na bendera. Kutuma 1, ya kushoto hupandishwa na ya kulia hushushwa. Kutuma 0, kinyume chake. Aliye ufukweni hapimi bendera iko juu ya maji kiasi gani, anatazama ipi imeipita nyingine. Wimbi likija, huziinua ngalawa zote mbili na tofauti inabaki ile ile. Lakini ngalawa moja ikitangulia, wimbi litaiinua kabla ya mwenzake, na bendera zitasema uongo. Ndiyo maana ukitazama bodi utaona waya mmoja umekunjwakunjwa kama mlevi anayerudi nyumbani: ulikuwa mfupi, mchoraji akaurefusha ili ulingane na pacha wake.

Nyaya zikishalingana kwenye bodi, na kila kadi ikifuata mpangilio uleule wa pini za soketi, kadi inaweza kubadilishwa. Reform ya kwanza ilitumia kadi ya prosesa ya i.MX8M yenye RAM ya GB 4. Leo mwenye mpakato huohuo anaweza kuweka kadi ya prosesa ya RK3588 yenye hadi GB 32, au adapta inayopokea Compute Module 4 ya Raspberry Pi.

Bei ni kubwa, RAM imelehemewa kwenye kadi, na silikoni ya prosesa yenyewe haiko wazi. Lakini michoro ya bodi iko wazi, katika programu ya KiCad. Fundi akiifungua, aanzie kwenye nyaya za PCIe.