Pikipiki ya nyumbani: uivalishe stika au uipige rangi?

Ujumbe huu wengi wetu tunaujua: "Dada, pikipiki imechakaa, abiria wanaikwepa. Tuma hela ya rangi." Siku hizi unakuja na mwingine: "Tuma ya stika basi, ni nafuu." Kabla hujatuma, tuelewane hivi vitu viwili vinafanya nini, maana hela hiyo umeitolea jasho.

Stika ni karatasi ya plastiki yenye gundi. Fundi anaosha pikipiki, anatoa grisi yote, halafu anaivuta stika juu ya tangi na kava za pembeni huku akiipasha kwa hewa ya moto ili ikae vizuri kwenye kona. Ni kazi ya siku moja au mbili. Rangi ya chini inabaki ilivyo.

Kupiga rangi ni safari ndefu zaidi. Vifaa vinafunguliwa, vinapigwa msasa, mabonde yanazibwa kwa puti, inafuata praima, kisha rangi, mwisho vanishi. Kila hatua lazima ikauke.

Sasa angalia mambo manne.

Kutu. Stika inashika kile kilicho chini yake tu. Rangi ya zamani ikibanduka, na stika inabanduka nayo. Kutu ukiifunika haifi, inaendelea kula bati kimya kimya mpaka tangi linavuja. Tangi lina kutu? Lisafishwe, lipigwe rangi. Limepauka na kuchubuka kidogo tu? Stika inatosha.

Petroli na jua. Bodaboda inajazwa mafuta kila siku. Petroli ikimwagika kwenye mfuniko inalegeza gundi, kingo zinaanza kunyanyuka. Stika ya bei poa ikipigwa sana na jua inapauka na kukakamaa, na siku ya kuitoa inakatika vipande vipande. Rangi iliyopigwa vizuri inavumilia zaidi.

Siku za kulala. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku na rangi inachukua siku 5. Hapo umekosa 50,000. Ijumlishe kwenye bei ya fundi kabla hujalinganisha na stika.

Kadi. Rangi ya pikipiki imeandikwa kwenye kadi ya usajili Tanzania, na kwenye logbook Kenya. Ukigeuza nyekundu kuwa bluu, iwe kwa rangi au kwa stika, TRA au NTSA wanatakiwa kujulishwa. Ukitaka kuepuka usumbufu, baki na rangi ileile.

Kabla ya kutuma, piga simu ya video mchana, siyo usiku. Mwambie kijana apitishe ukucha chini ya tangi na kwenye maungio, wewe unaangalia. Omba bei za mafundi wawili, zikiwa zimeandikwa: vifaa mbali, ufundi mbali. Tuma nusu, nyingine ukishaona kazi imekamilika.

Na uliza kwanza habari za breki, tairi na cheni. Kama hivyo vimeisha, hela ianzie huko. Abiria anavutwa na rangi, lakini kinachomfikisha salama ni breki. Stika inaweza kusubiri mshahara wa mwezi ujao.