Laini ya kuvuka nayo Sirari

Ukikaa Kisesa kando ya barabara ya Musoma, huna haja ya kuuliza biashara inaelekea wapi. Malori ya mchele na dagaa yanapita mbele yako kwenda Tarime na Sirari, mpakani mwa Kenya. Mengine yanashika barabara ya Usagara ili yasiingie msongamano wa jiji la Mwanza, kisha yanavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kuelekea Geita, Bukoba na Mutukula, mpakani mwa Uganda. Kwa mtu wa hapa, Kenya iko karibu kuliko Dar es Salaam. Mfanyabiashara anayesafiri njia hizi ofisi yake ni simu: humo mna wateja, mna fedha, mna picha za mzigo. Akivuka mpaka bila kupanga, simu hiyo hiyo huanza kumla faida.

Watu wengi hawajui inamlaje, kwa hiyo tuanze hapo. Laini ya Tanzania ikifika Kenya haina mnara wake. Inapanga chumba kwenye mtandao wa wenyeji, na wenyeji wanaitoza kampuni ya nyumbani kwa kila dakika na kila megabaiti. Kampuni ya nyumbani inaongeza chake, kodi inaingia, na salio lako linabeba vyote. Hiyo ndiyo romingi. Kinachouma zaidi ni simu za kupokea. Kijana uliyemwachia duka Kisesa anakupigia ukiwa Kampala, naye anakatwa kama anayempigia mtu wa Magu. Njia ya kutoka Tanzania hadi Kampala kwa kawaida unailipia wewe uliyepokea. Kijana hajui, na hana sababu ya kufupisha salamu.

Wafanyabiashara wa zamani wanakumbuka kwamba haikuwa hivyo siku zote. Septemba 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha One Network katika Kenya, Uganda na Tanzania: mteja alivuka mpaka na laini yake, akapokea simu bila kutozwa, akanunua vocha ya nchi aliyofika na kuiingiza kwenye laini ya nyumbani. Dunia haikuwa imeona kitu kama hicho. Umoja wa Ulaya, pamoja na utajiri wake, ulifuta gharama za romingi kati ya nchi wanachama Juni 15, 2017, zaidi ya miaka 10 baadaye. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na ofa zikabadilika pamoja na majina. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuwa eneo moja la mtandao: kupokea simu bure, na kupiga kwa bei isiyozidi senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania haikuwamo katika kundi hilo la kwanza. Nimeliona hilo kuwa hasara kubwa kwa watu wa Kanda ya Ziwa kuliko kwa Mtanzania mwingine yeyote, kwa sababu wao ndio waliozungukwa na mipaka.

Sasa, anayeondoka kesho afanye nini?

Safari ya siku mbili au tatu, ya kupeleka mzigo Migori au Kisii na kurudi, haihitaji laini mpya. Nunua bando la romingi kabla ya kuvuka. Unalilipia kwa shilingi za Tanzania, namba yako haibadiliki, na huhangaiki na wakala wala chenji. Usitumie romingi bila bando, kwani hapo ndipo salio la wiki nzima huisha ndani ya saa moja huku simu iko mfukoni, programu zikijisasisha zenyewe.

Ukikaa wiki au zaidi, hesabu inageuka. Laini ya wenyeji, iwe Safaricom ya Nairobi au MTN ya Kampala, ndiyo rahisi kuliko zote kwa intaneti. Nenda kwa wakala anayetambulika ukiwa na pasipoti, akusajili kwa jina lako. Mpakani kuna wanaouza laini zilizokwisha kusajiliwa kwa majina ya watu wengine. Usiziguse. Laini hiyo ikifungwa, fedha iliyomo imepotea, na ikiwa mwenye jina ana kesi, wewe ndiye utakayekutwa na laini mkononi.

Simu za laini mbili, hizi Tecno, Itel na Infinix ambazo karibu kila mtu sokoni anazo, zimerahisisha jambo hili. Laini ya nyumbani ibaki mahali pake, data yake imezimwa, kazi yake ikiwa kupokea ujumbe mfupi wa fedha na namba za siri za benki, ambao kwa kawaida hautozwi ukiupokea. Laini ya wenyeji ibebe intaneti. WhatsApp inaendelea na namba yako ya Tanzania, mradi ikikuuliza kama umebadilisha namba ukatae. Mwambie kijana wa dukani akupigie huko huko. Dakika moja ya sauti ya WhatsApp kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja.

Siku hizi zipo pia laini za kielektroniki, eSIM, unazonunua mtandaoni kabla ya safari. Ni nzuri kwa mwenye simu ya bei kubwa. Nyingi za wasafiri hutoa data tu bila namba ya kupigia, na simu nyingi za bei nafuu haziziwezi. Mchuuzi wa Kisesa asikope kununua simu mpya kwa ajili hiyo.

Kwa wanaofuata mzigo mbali zaidi, Guangzhou na Dubai zina sheria zao, na hapa laini rahisi inaweza kukugharimu biashara. China imefunga WhatsApp. Ukinunua laini ya Kichina utapata intaneti ya bei poa, lakini kundi lako la wateja wa Mwanza litanyamaza. Data ya romingi huzunguka hadi mtandao wa nyumbani kabla ya kutoka, kwa hiyo WhatsApp hufanya kazi kwa laini ya Tanzania hata ukiwa katikati ya maonyesho ya biashara ya Canton huko Guangzhou, yanayofanyika kila Aprili na Oktoba. Kwa China, basi, bando dogo la romingi ni la lazima hata kama ni ghali, na WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, iwe imewekwa kwenye simu tangu nyumbani, kwani muuzaji wa kiwandani atataka hiyo. Dubai ujumbe wa WhatsApp unapita, lakini simu zake za sauti kwa laini ya kule zimezuiwa.

Liko jambo la mwisho, nalo huwapata hata wasiosafiri. Ukikaribia Sirari au Mutukula, simu inaweza kunasa mnara wa upande wa pili ukiwa bado kwenye ardhi ya Tanzania, na ukaanza kukatwa kama uko ugenini. Ingia kwenye mipangilio, zima data ya romingi, uchague mwenyewe mtandao wa Tanzania badala ya kuiachia simu ichague.

Uamuzi wangu kwa msafiri wa kawaida wa Afrika Mashariki ni huu: laini mbili kwenye simu moja, ya nyumbani kwa fedha na ya wenyeji kwa intaneti. Makampuni yetu ya simu, yanayoona kila siku namba ngapi zinavuka mipaka hii, yawape watu wa Kanda ya Ziwa bando la mpakani la wiki moja kwa bei ambayo muuza dagaa anaimudu. Nawe kabla hujapanda basi, piga 100, namba ya huduma kwa wateja, ukiwa bado Kisesa, uulize mambo matatu: bando la romingi la nchi unayokwenda ni shilingi ngapi, kupokea simu kunatozwa kiasi gani, na namba ipi utawapigia ukiwa nje ikiwa laini itagoma.